Hodi ya Mbayuwayu

Pacha aliiongoza ndege vizuri mno, na hapo ndipo mimi na Shangazi tulipogombana.

Ilikuwa asubuhi, na kesho yake ndiyo siku ya mtihani wa leseni ya Shangazi. Nilikuwa nimeirusha Mbayuwayu, ndege yetu ndogo ya rimoti, kwa mkono wangu kutoka kando ya Ziwa Singidani, upepo unanipiga usoni, nayo ikapaa juu ya mashamba ya alizeti kama kawaida yake. Tofauti ni moja tu. Rimoti ilikuwa imelala kwenye kiti cha plastiki na hakuna aliyeigusa. Vijiti vyake viwili vilikuwa vinacheza vyenyewe, kushoto, kulia, mbele, nyuma, kwa ule ule mwendo ambao nimeuona kwenye vidole vya Shangazi Elineema tangu sijaota ndevu.

"Unaona, Shangazi?" nikamwambia, kifua mbele. "Huyo ni wewe! Miaka yote uliyoongoza, rimoti imekuwa ikitunza kila ulichofanya. Nimeyakusanya yote, nikayasafisha, nikayatia kwenye kidude kidogo kama punje ya muhindi. Mikono ikikusumbua, Pacha anashika. Mikono ni yako ile ile, ila haitetemeki."

Shangazi alikuwa amekaa juu ya jabali, kanga begani, kikombe cha uji amekishika kwa mikono miwili. Siku hizi namjazia nusu kikombe, maana kikijaa, uji unaishia kwenye gauni. Tumekubaliana bila kuongea kwamba hatulizungumzii jambo hilo.

Mbayuwayu ikazunguka juu ya maji, ikageuza pua, ikaja moja kwa moja kwetu. Ikashuka, ikagusa majani, ikateleza, ikasimama. Haikudunda hata kidogo. Haki ya Mungu, sijawahi kuona ndege ikitua kiungwana namna ile. Nikapiga makofi peke yangu.

"Hodi imekwenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Hodi ipi tena?"

"We Sifaeli, usinitanie asubuhi yote hii. Ndege gani inaingia kwa watu bila hodi?"

Hapo inabidi nieleze, maana mtu ambaye hajawahi kushika rimoti anaweza kudhani Shangazi yangu ameanza kuchanganyikiwa. Ndege ikiwa inakupa mgongo, mambo ni rahisi: kulia kwake ndiyo kulia kwako. Ikigeuka kukujia usoni, kila kitu kinapinduka. Unasukuma kijiti kulia, yenyewe inalala kushoto kwako. Wanaojifunza wote huvunjia mabawa yao hapo hapo. Mimi nimeyavunja mengi, na ndiyo maana mpaka leo ni mrushaji na fundi, si mwongozaji.

Sasa Shangazi, enzi za usichana wake, siku ya kwanza kuiongoza ndege mbele ya watu, naye alikosea. Ndege ilipogeuka kurudi, akasukuma kijiti kule kusikotakiwa, bawa moja likazama, akashtuka, akalirudisha. Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakupepesa hata jicho. "Mnacheka nini?" akawauliza. "Inabisha hodi." Mtu mmoja katika kundi akaitikia, "Karibu!" na kundi zima likafuata.

Kosa lile halijamtoka mkononi maisha yake yote. Ndege ikigeuza pua kuja nyumbani, bawa linainama kidogo, kisha linanyooka, na sisi wote uwanjani tunaitikia karibu. Wapo watoto wa hapa Singida waliojifunza neno hodi kwa ndege kabla hawajalijua kwa mlango.

"Shangazi, ile si salamu," nikamwambia, nikijitia mtaalamu. "Ni kosa. Pacha amechujwa makosa yote, ndiyo kazi niliyoifanya. Nilidhani utafurahi."

"Basi huyo si mimi. Mimi nina adabu zangu."

"Lakini kesho..."

"Kesho nitaiongoza mwenyewe. Na usikie vizuri." Akakiweka kikombe chini, taratibu sana, mpaka kikatulia. "Ukimwasha huyo Pacha wako nikiwa na rimoti mkononi, usije tena kunipa shikamoo. Sitaipokea."

Jamani! Shangazi huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki. Shikamoo yangu ya kwanza kila asubuhi huwa ni yake. Nikaenda kuiokota ndege.

*

Anga lote ni la Mlezi siku hizi, na mimi sina ugomvi naye. Ndiye anayepeleka damu hospitali, ndiye anayepuliza dawa kwenye alizeti, ndiye aliyemleta daktari usiku mke wangu alipojifungua na mto umekata barabara. Vyombo vyake vinapishana juu huko bila rubani na havigongani. Ni mtambo mmoja tu, unaoviona vyote kwa pamoja. Mkono wa mtu ukiingia katikati unavuruga, na ndiyo maana umekatazwa.

Ila walioandika sheria walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao naupenda. Waliuliza: siku Mlezi akizimika, nani atajua kurusha kitu kikapaa? Wakaacha Madirisha. Dirisha ni kipande cha hewa, kama bomba lililosimama juu ya uwanja na viunga vyake, ambacho Mlezi hakitazami wala hakipiti. Humo mtu anaruhusiwa kuongoza ndege kwa mkono wake, na kumfundisha mwingine, kwa sharti kwamba kila mwaka mkono wenye leseni upimwe na ufaulu. Ukifeli, au ukifa, na hakuna mwingine, Dirisha linafungwa na halifunguliwi tena.

Yalikuwepo mengi. Yamefungwa moja moja, mengine kwa uzee wa wenyewe, mengine kwa kuchoka kwao tu. Limebaki letu, na mkono uliobaki ni wa Shangazi. Kuna mabinti wawili anaowafundisha, wepesi wa kuelewa, ila bado hawajaiva. Akifeli kesho, hata kuwafundisha ni kosa la jinai.

Ndiyo maana usinione mbaya. Asubuhi ya mtihani niliamka nikijiambia kwamba Pacha sitamtumia. Halafu nikakitia kibonyezo chake mfukoni.

*

Mkaguzi alifika kwa miguu kutoka barabarani, dada mmoja mrefu anaitwa Ng'washi Masalu, begi mgongoni na viatu vimejaa vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akanivuruga kwa kumpigia Shangazi goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunizika au kunipima?"

"Kukupima tu, mama. Hayo mengine siyawezi."

Akatoa kipimo chake, kibao chembamba chenye kioo. Akatueleza sote, mpaka wale waliosimama nyuma ya kamba, kwamba kile kibao kinaiona ndege na kinasikia kila wimbi linalopita uwanjani. Kila kinachofanywa na mkono kinatoka kama mstari wa kijani. Ndege ikienda ndivyo sivyo, mstari unageuka mwekundu na neno Kosa linatokea. Makosa ya kawaida hayamfelishi mtu. Kuangusha kunafelisha. Kusaidiwa na mashine kunafelisha, tena papo hapo.

"Sheria inasema mkono wa mtu," akamalizia.

Mkono wa mtu! Usiku kucha nilikuwa nimebishana na maneno hayo. Pacha ni mikono ya nani kama si ya Shangazi? Hakuna kitu ndani yake ambacho hakikutoka vidoleni mwake. Mtu akiandika barua akiwa na nguvu zake na ikasomwa siku amelala hoi kitandani, maneno si bado ni yake? Ndivyo nilivyojipa moyo. Lakini kila nikifika hapo naona kile kikombe kikiwekwa chini taratibu, na hoja zangu zote zinayeyuka.

Shangazi akajivika mkanda wa rimoti shingoni. Mikono ilikuwa inatetemeka waziwazi, watu wakainamisha macho. Yeye akavibana viwiko mbavuni, akashusha pumzi, akaweka vidole gumba juu ya vijiti. Niliona anachofanya. Mtetemeko wake huja na kupungua, kisha unakuja tena. Alikuwa anausubiri upungue, halafu anaingiza mwendo wake pale katikati. Yaani mwanamke huyu alikuwa ameusoma ugonjwa wake kama anavyousoma upepo.

Tukakagua. Usukani kushoto, kulia. Mkia juu, chini. Pangaboi likaunguruma. Nikainyanyua Mbayuwayu, mbavu zake za mwanzi, mabawa yake ya povu gumu la friji mbovu tuliyoikata pamoja, nikaielekeza pua kwenye upepo.

"Iko mkononi?" nikapaza sauti. Mrushaji haachii kabla ya kuuliza, hata kama amerusha na mtu huyo huyo tangu ujana.

"Iko mkononi!"

Nikakimbia. Wageni hudhani ndege hutupwa juu kama jiwe. Hapana, unaisukuma mbele, kwa upole, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea, na unaacha mkono wazi. Ikazama kidogo, ikaudaka ule upepo wa ziwani, ikapanda. Watu wakasema aaah kwa pamoja.

Na aliiongoza, jamani. Mabawa yalikuwa yanatikisika kidogo, kila mtu aliona, lakini ilikwenda kule alikotaka. Akaizungusha kwa umbo la nane kati ya bendera mbili. Akapanda mpaka ikawa ndogo, akazima mota, akaiacha ielee kimya juu ya mashamba. Niliposimama nyuma ya bega lake nilimsikia akiongea nayo chini chini, kwa Kinyaturu, kama mtu anayembembeleza ndama. Nikachungulia kibao cha Ng'washi. Kijani kitupu. Nikaanza kucheka mwenyewe.

Ndipo chamchela ikainuka.

Ilitoka kwenye shamba lililovunwa, vumbi jekundu linajisokota na mabua ya alizeti ndani yake, ikavuka uzio na kuinyakua Mbayuwayu pembeni. Ndege ikapinduka. Ikaonyesha tumbo, ikaonyesha mgongo, ikaanza kuja chini inazunguka. Wale mabinti wawili wakapiga ukelele. Nikaitazama mikono ya Shangazi na nikaona mtetemeko umerudi, na safari hii hauna katikati.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Siwezi kusema uliingia lini. Nilimwona Shangazi jioni ile, amekaa jikoni, Dirisha limefungwa, hana kesho ya kuisubiri. Niliwaona wale mabinti wakienda zao na rimoti zisizo na kazi. Na niliiona shikamoo yangu ikining'inia hewani bila wa kuipokea. Kati ya hayo yote nikachagua.

Nikabonyeza.

Na ndege ikatulia! Pale pale! Ikaacha kuzunguka, pua ikainuka, mabawa yakanyooka, ikatoka ndani ya vumbi imetulia tuli kama vile hakuna kilichotokea. Hakukuwa na mtikisiko hata kidogo. Nilijua mwendo wa Pacha nilipouona. Sijui nilifurahi au niliona aibu.

Kibao cha Ng'washi kikalia.

"Kuna wimbi limetoka hapa," akasema, akinigeukia polepole. "Limetoka mfukoni mwako, Bwana Sifaeli. Toa mkono."

Nikautoa, na kibonyezo kikiwa kiganjani. Ningedanganya nini?

"Ni mashine ya kumsaidia?"

"Ndiyo. Inaitwa Pacha. Ni mikono yake mwenyewe, dada, nimeikusanya..."

"Umeiwasha?"

"Nimeiwasha."

Akamtazama Shangazi, nami nikamtazama. Vidole gumba vyake vilikuwa juu, vimeachana kabisa na vijiti. Hakuwa ameshika chochote. Ndege ilikuwa inaelea yenyewe kule juu, nyoofu, bila mkono. Nikajua basi, tumekwisha, na aliyetumaliza ni mimi. Ng'washi akaiinua kalamu yake. Uso wake haukuwa na furaha yoyote.

"Subiri," nikamwambia. "Inageuka. Subiri itue, dada, nakuomba. Muache tu aione ikitua."

Akasubiri. Sijui kwa nini, ila namshukuru mpaka leo.

Mbayuwayu ikafika juu ya ziwa, ikageuka, ikaelekeza pua kwetu. Uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Ilikuja nyoofu. Ikaendelea kuja nyoofu. Nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa.

Bawa la kushoto likazama.

Halikuinama kidogo kama siku zote. Lilizama hasa, mpaka watu wakashika vifua, kisha likarudishwa kwa mtikiso, likapita upande wa pili, likanyooka. Ilikuwa hodi mbaya kuliko zote alizowahi kubisha, hodi ya mtu aliyebeba mzigo na kuugonga mlango kwa bega. Na kule kwenye kibao, katikati ya kijani, likawaka neno jekundu: Kosa.

"KARIBU!" uwanja mzima ukaitikia. Mimi nilipiga kelele kuliko wote, machozi yananitiririka hadharani na umri wangu huu.

Ng'washi alikuwa analitazama lile neno jekundu. "Huyo Pacha wako," akauliza, "anakosea hivi?"

"Hawezi. Hodi nilimchuja. Hajui kabisa kukosea hapo, na akishashika haachii mpaka ndege itue."

Akatafakari. Mbayuwayu ikagusa majani, ikaruka, ikagusa tena, ikaruka tena, ikalala ubavu, nzima. Ng'washi akashusha kalamu na kuandika, huku akisoma kwa sauti ili kamba yote isikie: "Mkono wa mtu. Amefaulu." Kisha akanigeukia, na sauti ikapoa. "Wewe ulikusudia kudanganya. Mwaka mzima ujao utasimama nje ya kamba. Atarusha mwingine."

Nikakubali. Nilistahili zaidi ya hapo.

*

Watu walipokwisha kumkumbatia, Shangazi akaketi juu ya jabali lake. Mmoja wa mabinti akamletea uji, amejaza kikombe mpaka juu, hajui. Shangazi akaupokea, ukamwagikia, akacheka.

"Ulitoa vidole," nikamwambia. "Kwenye chamchela. Niliona."

"Mikono ilitaka kupigana, na mikono hii haina tena vita. Nikaiachia. Ndege tuliyoiunda sawasawa, ukiiacha inajinyoosha yenyewe, wewe fundi hujui hilo? Ilipotulia, nikaishika tena." Akajifuta gauni. "Nilipokuwa kijana nisingethubutu. Ningeng'ang'ania mpaka chini. Hilo nimelijua mwaka huu huu, baada ya mikono kuharibika."

Pacha wangu ameundwa kwa mikono ya miaka yote ile ya kung'ang'ania. Angeshika, angepambana, na pengine angeivunja.

"Lakini nilimwasha, Shangazi. Nilibonyeza kweli. Kwa nini hakushika?"

Akaivuta ncha ya kanga yake, pale anapofungia vitu vyake, akaanza kulifungua fundo. Vidole vilimsumbua. Nilitaka kumsaidia, akanitupia jicho moja tu, nikarudisha mkono. Fundo likaachia. Ndani yake kulikuwa na kidude kidogo kama punje ya muhindi.

"Nilikitoa kwenye rimoti jana jioni ulipokwenda kuoga," akasema. "Nakujua wewe. Una moyo mzuri na mkono mwepesi."

Nikapiga goti mbele yake, mtu mzima, kwenye vumbi.

"Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia. Alikunywa uji wake mpaka ukaisha, akitazama ziwani, na mimi nikiwa chini pale pale. Kisha akaniwekea ile punje kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake kwa mikono yake inayotetemeka.

"Mimi sitakuwepo siku zote, na hao mabinti watahitaji wa kuwaonyesha," akasema. "Una mwaka mzima wa kukaa nje ya kamba. Mfundishe huyu Pacha kuachia. Mfundishe kukosea. Siku atakapobisha hodi, nitaitikia. Yeye na wewe, wote wawili."